Maili Nne za Bi Nukta

Siku wifi yangu alipoiuliza mashine nyumba yetu iko wapi, mashine ilijibu kwamba jua halijachomoza. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Tulikuwa watatu uani, jasho linatutiririka mgongoni, na kaka yangu, ambaye ndiye mumewe, alicheka mpaka akalazimika kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wifi hakucheka. Alikiinamia kile kidude chenye namba nyekundu, akakunja uso, kisha akasema polepole, "Ah! Nimeipa saa yetu. Yenyewe inataka saa ya meli."

Maana vitabu vya jua wanavyotumia mabaharia hufuata saa moja kwa dunia nzima, na saa hiyo huanza kuhesabiwa katikati ya usiku. Haina habari kwamba sisi tunaanza kuhesabu kunapopambazuka. Wifi akasahihisha, akabonyeza upya. Safari hii mashine ilikubali kwamba jua limetoka. Lakini nyumba yetu, ilisema, iko maili nne magharibi ya pale tuliposimama. Magharibi yetu ni bahari, na ufuo uko mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kwa mujibu wa mashine, basi, tulikuwa tumesimama juu ya maji ya kina kirefu, sisi na kamba yetu ya nguo na choo.

"Leo hakuna haja ya kwenda bombani," kaka akasema.

Wifi alimtupia jicho moja tu, akaandika jibu kwenye daftari. Mimi nilirudi kwenye cherehani yangu nikidhani yameishia hapo. Sikuwa nimemjua vizuri, ingawa nilikuwa nakaa kwao mwaka wa pili tangu nifiwe na mume.

Wifi alikuwa karani wa stoo ya ramani bandarini. Chumba chake kilikuwa cha chini, chenye meza ndefu na makabati ya droo pana zisizo na kina, na kila droo ilikuwa na ramani za bahari zilizolazwa kama mashuka. Kila wiki zilifika taarifa: mnara fulani umehamishwa, boya fulani limezama, hapa umeonekana mwamba usiojulikana. Kazi yake ilikuwa kuyatia mabadiliko hayo kwenye ramani kwa wino wa zambarau, kalamu yenye ncha kama sindano, ramani moja hadi nyingine, nakala kumi na mbili za kila moja. Kabla ya kutia nukta alizuia pumzi. Ndiyo sababu bandari nzima ilimwita Bi Nukta, na hata kaka yangu alimwita hivyo akiwa na furaha naye.

Miaka kumi na saba alifanya kazi hiyo, na hakuwahi kupanda meli hata siku moja. Alizijua bahari kwa karatasi. Manahodha waliokuja kuchukua ramani walimzoea kwa maswali yake: mnajuaje mko wapi wakati pande zote ni maji? Jua likifichwa na mawingu siku tatu mnafanya nini? Wengine walimjibu kwa mzaha, wengine walisema wana haraka. Mmoja tu ndiye alikuwa akiegemea kaunta na kujibu sawasawa, naye aliitwa Kapteni Bado, kwa kuwa ukimuuliza chochote, kama meli imeshapakiwa, kama chakula kiko tayari, kama atastaafu, jibu lake lilikuwa hilo moja.

Kapteni Bado aliendesha meli ndogo ya mizigo, saruji na vipuri zaidi. Siku moja alikuja stooni akiwa ameshika soksi ya sufu yenye kitu kizito ndani. Akaiweka kaunta.

"Bi Nukta, wewe unapenda vitu vyenye maswali."

"Inategemea maswali yenyewe, Kapteni."

Ndani ya soksi mlikuwa na kikokotoo. Si kile cha dukani cha kujumlisha na kutoa. Hiki kilikuwa kinene, na vitufe thelathini na vitano, kila kitufe kimeandikwa vitu viwili au vitatu kwa rangi tofauti.

"Ofisa wangu wa pili alikuwa akiipiga hii kama kinanda," Kapteni akasema. "Anabonyeza, anabonyeza, halafu ananiambia: tuko hapa. Sasa amehamia kampuni nyingine, kaniachia mashine. Mimi nikiibonyeza inanionyesha sifuri zinazowaka na kuzima."

"Na siku hizi unatafuta mahali kwa kutumia nini?"

"Majedwali ya kitabu. Kama nilivyofundishwa." Akajisugua macho kwa kidole gumba. "Ila zamani walichapa kwa herufi kubwa zaidi."

Wifi aliyasikia maneno hayo, akayaweka moyoni.

"Nitarudi baada ya wiki sita," Kapteni akaendelea. "Ukiweza kuifundisha, nifundishe na mimi. Ukishindwa, tusitangaziane."

Hivyo ndivyo mashine ilivyoingia nyumbani kwetu, ikakaa kwenye meza ya kulia kana kwamba ni mgeni. Kitabu chake cha maelezo kilikuwa nakala iliyofifia, tena kilianzia ukurasa wa kumi na tisa. Wifi alijifunza kwa kukosea. Aligundua kwamba mashine ile inaweza kushika mfululizo wa hatua, zisizozidi tisini na nane, na ukishaiwekea hatua hizo, unaipa namba zako, unabonyeza kitufe kimoja, nayo inazipita zote kwa mpangilio mpaka jibu. Aligundua pia kwamba ukiizima inasahau kila kitu. Kwa hiyo kila asubuhi, chai ikiwa jikoni, alianza upya kubonyeza hatua zote moja moja, midomo ikimchezacheza.

Somo la kwanza aliloipa lilikuwa la kugeuza inchi kuwa sentimita, ili kunifurahisha mimi. Nilileta vipimo vya gauni la mteja, akaviingiza, majibu yakatoka mbio.

"Wifi, hii haina akili hata chembe," akaniambia. "Itafanya upuuzi wowote utakaoiagiza. Lakini ukishaiambia jambo, haibishi na haichoki."

"Marehemu angekuwa hivyo, ningemlilia zaidi," nikamjibu, tukacheka mpaka kaka akauliza kutoka chumbani kuna nini.

Baada ya wiki mbili alihama kwenye inchi akaenda kwenye jua. Alinieleza mara nyingi, na mwishowe nilielewa hivi: kila sekunde, jua liko juu kabisa ya sehemu moja ya dunia, na kitabu cha mabaharia, almanaka, kinaitaja sehemu hiyo. Ukipima jua limeinuka kiasi gani machoni pako, unajua uko mbali kiasi gani na sehemu hiyo. Likiwa utosini, uko hapo penyewe. Likiwa chini, uko mbali. Hesabu ya katikati ndiyo ngumu, na hiyo ndiyo aliyokuwa akiifundisha mashine.

Chombo cha kupimia alikipata kabatini kazini: sekstanti ya zamani, kama upinde wenye kioo na darubini ndogo, ndani ya sanduku la mbao. Kwenye kifuniko palikuwa na karatasi iliyogandishwa, imeandikwa kwamba chombo hiki kinazidisha kwa dakika nane. Si dakika za saa. Digrii moja hugawanywa sehemu sitini, na kila sehemu huitwa dakika; dakika moja ni sawa na maili moja ya baharini. Wifi hakuiamini karatasi. Alikipeleka chombo ufuoni, akakielekeza kwenye mstari ambapo maji hukutana na mbingu, akakuta ni kweli, nane kamili. Mkuu wa stoo alimruhusu kukiazima bila kuuliza, maana alidhani anataka kukipiga rangi.

Melini, baharia hupima kutoka mstari ule hadi jua. Uani kwetu hapakuwa na mstari, palikuwa na ukuta wa jirani. Kwa hiyo wifi aliomba oili chafu gereji, akaimwaga kwenye beseni, tukasubiri itulie. Jua likaonekana mle kama kwenye kioo cheusi. Alipima kutoka jua la juu hadi jua la beseni, na kipimo hicho huwa mara mbili ya kile unachokitaka, hivyo hukigawa kwa mbili. Yeye alishika chombo na kupiga kelele "Sasa!", kaka alisoma saa, mimi niliandika. Majirani walichungulia dirishani kutwa, na mmoja aliniuliza kama wifi anatengeneza dawa.

Na nyumba iliendelea kuwa baharini. Siku ya pili, maili nne magharibi. Siku ya tatu, maili nne. Siku ya nne, tatu nukta tisa.

"Ingekuwa inarukaruka, ningesema mkono wangu unatetemeka," wifi akasema. "Lakini inarudi palepale. Kosa lililotulia hivi lina mwenyewe." Akamgeukia mumewe. "Fundi, sekunde nne za saa ni maili moja. Maili nne ni sekunde kumi na sita."

Kaka yangu ni fundi saa. Kibanda chake kiko karibu na posta, na pale ukutani zimetundikwa saa ishirini na mbili, zote zinagonga kwa pamoja. Saa aliyokuwa akiisoma uani ilikuwa yake mwenyewe, aliyoifungua na kuifunga kwa mkono wake.

"Unasemaje?" akauliza.

"Nasema tu sekunde kumi na sita."

"Bi Nukta. Saa hii? Saa hii naiweka sawa na redio kila asubuhi, ule mlio wa mwisho unapolia. Sekunde kumi na sita! Kwa sekunde kumi na sita ningefunga duka!"

Alisusa chakula cha mchana. Kesho yake aliiwasha redio kwa sauti kubwa ili sote tusikie, akasimama katikati ya sebule, saa ikiwa kiganjani, mpaka mlio ukalia na mshale ukawa mahali pake. Tulipopima, nyumba ilikuwa maili nne baharini.

Kaka ndiye aliyeleta wazo, na mpaka leo hakubali mtu asahau hilo. Alikuwa amekaa kibarazani akisaga meno, akasema, "Sikiliza. Kama saa yangu inachelewa, inachelewa asubuhi na inachelewa alasiri. Siyo? Kosa langu litaisukuma nyumba upande uleule siku nzima. Pima jua likiwa limehamia upande wa pili."

Wifi alimtazama kama anamwona mara ya kwanza. Saa tisa alasiri tulitoka na beseni. Jua lilikuwa magharibi. Alipima mara tatu, akabonyeza, akaandika jibu daftarini.

"Tuko wapi?" nikauliza.

"Machimbo ya mawe," akasema. "Maili nne mashariki."

Kaka alipiga makofi mara moja, akaenda kuzunguka nyumba nzima akiwa ameishika saa juu kama mshindi wa mpira. Saa ilikuwa imeachiwa huru. Asubuhi, jua likiwa mashariki, nyumba ilikimbilia magharibi. Alasiri, jua likiwa magharibi, ilikimbilia mashariki. Yaani kila mara ilikuwa inalikimbia jua. Wifi alisema maana yake ni moja: jua linaonekana chini kuliko lilivyo, kwa dakika nne, na kosa liko kwenye pembe au kwenye hatua za mashine.

Siku tano alizitafuta dakika nne hizo. Alihesabu kwa kalamu na karatasi kilomita na kilomita za namba, akapata hesabu kuu iko sawa. Alikagua joto la hewa, maana hewa huupinda kidogo mwanga wa jua. Alikagua kama beseni limekaa sawa, ingawa oili hukaa sawa yenyewe. Alianza kusahau kuchana nywele. Siku ya sita alivuta kiti karibu na cherehani yangu, mkononi ana karatasi ya hatua.

"Wifi, nisaidie. Wewe uwe mashine."

"Nifanyeje?"

"Nitakusomea hatua, wewe uzitende bila kufikiri. Mimi nikizisoma peke yangu naona ninachotaka kuona."

Nilikuwa nakata kitambaa cha sketi, nimekikunja mara mbili kama kawaida, chaki mkononi. Nikamwambia asome. Akaanza: chukua kipimo, gawa kwa mbili, toa nane...

"Ngoja," nikasema. "Nane hiyo ni ya nini?"

"Ni ile sekstanti inayozidisha. Nimeandika tutoe nane."

"Inazidisha kwenye kipimo kizima au kwenye nusu?"

"Kizima."

"Basi mbona unaitoa baada ya kukunja?"

Alinikodolea macho. Sikuwa najua jua wala nyota, lakini kitambaa nakijua. Nilimwonyesha pale mezani. Kitambaa kikiwa kimekunjwa, ukikata inchi moja pembeni, ukikikunjua umepunguza mbili. Kila fundi cherehani ameshaharibu nguo ya mtu kwa kosa hilo, mimi niliharibu suruali ya mwalimu mkuu. Ukitaka kupunguza inchi moja kwenye upana wote, unaipunguza kabla ya kukunja, au ukishakunja unapunguza nusu yake.

Wifi aliichukua chaki mkononi mwangu, akaandika juu ya kitambaa cha mteja. Nane ikitolewa kabla ya kugawa, inabaki nne. Ikitolewa baada ya kugawa, ni nane nzima. Tofauti, nne. Akaviangalia vile vijitarakimu muda mrefu, halafu akanikumbatia na mkasi wangu pamoja.

Asubuhi yake alizipanga hatua upya, kutoa kwanza, kugawa baadaye. Hakukuwa na hatua mpya hata moja, ni mbili tu zilizobadilishana viti. Tulipopima, mashine ilituweka nusu maili kutoka nyumbani, hapo karibu na kinu cha kusagia unga. Alasiri ikatuweka barabara ya posta. Wifi alisema kwa beseni na kwa mikono yake, hata nahodha asingedai zaidi. Kaka alinunua soda.

Kapteni Bado alirudi wiki ya saba. Wifi alikuwa ameshaandika karatasi nyingine kwa ajili ya meli, isiyo na kugawa kwa mbili, ila yenye hatua za kurekebisha kimo cha macho juu ya maji, maana aliyesimama juu ya sitaha huuona mstari wa bahari chini kidogo ya pale unapostahili kuwa. Kapteni alikaa kaunta alasiri nzima. Kidole chake kilikuwa kinene, kilibonyeza vitufe viwili kwa mpigo, na kila alipokosea alianza upya bila kulalamika. Namba nyekundu za mashine zilimpendeza. "Hizi naziona," alisema, mara mbili.

Kisha akasema, "Nisingependa kuijaribu peke yangu."

Ikatokea kwamba stoo ilikuwa na sanduku la ramani zilizosahihishwa, zinazotakiwa bandari ya jirani, ambako meli ya Kapteni ilikuwa ikienda, na lilipaswa kupelekwa kwa mkono. Mkuu wa stoo alitafuta mtu wa kwenda. Kwa miaka kumi na saba wifi hakuwahi kujitolea kwenda popote. Siku hiyo aliinua mkono kabla mkuu hajamaliza kusema.

Safari yenyewe mimi sikuiona. Nimeisikia kwake, na nilimfanya aisimulie mara tatu.

Siku ya kwanza alitapika. Aliona sitaha, aliona ndoo, hakuona kingine. Siku ya pili alipata nafuu akapanda chumba cha usukani. Kulikuwa na mawingu tangu mchana wa jana yake, na Kapteni alikuwa akienda kwa kukadiria mwendo tu. Upande wa kulia, mbele yao, kulikuwa na miamba chini ya maji, na juu ya mwamba wa mwisho mnara mfupi wa alama. Walitakiwa kuupita kwa mbali.

Saa mbili na nusu asubuhi wingu lilitoboka. Kapteni alitoka na sekstanti yake, akapima mara mbili, wingu likafunga. Akaenda mezani na vitabu vyake. Wifi akachukua kipimo kilekile, akafungua almanaka mwenyewe, akaiingizia mashine. Alimaliza yeye kwanza. Kapteni alichukua dakika ishirini.

Walipoweka alama kwenye ramani, hazikukutana. Kapteni aliiweka meli maili tano magharibi zaidi, mbali na miamba. Mashine iliiweka karibu.

"Hiyo mashine yako," Kapteni akasema.

Wifi alijua jinsi nyumba ilivyokaa baharini wiki nzima kwa kosa lake. Alipitia hatua zote kwenye karatasi, kidole juu ya kila moja, akiwa amejifanya hana akili. Zilikuwa sawa. Akapima umbali kwenye ramani tena. Sawa. Halafu akakumbuka macho yaliyosuguliwa kwa kidole gumba.

Mshika usukani alikuwa pale, hatua mbili kutoka kwao. Wifi akashusha sauti.

"Kapteni, tafadhali nisomee kwenye almanaka mstari wa saa hii. Niuingize upya."

Kapteni alikiinua kitabu. "Kumi na nane nukta mbili."

Wifi alikuwa ameandika kumi na tatu nukta mbili. Aliweka tu kidole chini ya namba, akasubiri. Kapteni alikivuta kitabu karibu, akakisukuma mbali, mwishowe akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Alisimama pale akiwa amewapa mgongo kwa muda ambao wifi hakujua aangalie wapi.

"Geuza kushoto, digrii ishirini," Kapteni akamwambia mshika usukani. "Tupunguze mwendo."

Dakika arobaini baadaye mnara ulitokea upande wa kulia, pale mashine iliposema utatokea. Ulikuwa na mistari miekundu na myeupe. Wifi aliutambua. Miaka saba nyuma taarifa ilifika kwamba mnara huo umejengwa upya mita mia tatu kusini, na yeye ndiye aliyeufuta na kuutia upya kwenye ramani kumi na mbili, pumzi ameizuia. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba una ndege juu yake, na chuma kilichoshika kutu, na mtu aliyeandika jina lake kwa rangi. Aliniambia alilia kidogo, na akanikataza kumwambia mumewe.

"Mashine yako imetuepusha," Kapteni akasema, walipokuwa wameshaupita.

Hapo ndipo wifi yangu alipofanya jambo ninaloliheshimu kuliko hesabu zake zote. Angeweza kuipokea sifa. Alikuwa ameitafuta wiki saba.

"Hapana, Kapteni," akasema. "Ungeiingizia kumi na nane, ingeimeza kumi na nane, na ingekupa jibu kwa namba zilezile nyekundu. Nilifikiri itakusaidia usisome. Haikusaidii. Lazima kwanza mtu asome."

Kapteni aliifunga almanaka. Kisha, "Najua."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Kwa nini hukununua miwani?"

"Kapteni akivaa miwani, ofisini wanaanza kumhesabia siku."

"Na akiwa juu ya mwamba wanamhesabia nini?"

Mshika usukani, ambaye kumbe masikio yake yalikuwa kazini muda wote, alikohoa ili asicheke. Kapteni alimtazama, akamtazama wifi, na yeye mwenyewe akacheka, cheko fupi la mtu aliyetua mzigo.

Waliporudi alikwenda kwa daktari wa macho. Alipewa miwani nene kama vitako vya chupa, na bandarini wakamwongezea jina, wakawa wanamwita Kapteni Bado Anaona. Ofisini hawakumfukuza. Aliendesha meli miaka minne mingine, mashine ikiwa mfukoni, na alipopita bandari kubwa ya ng'ambo alimletea wifi mashine nyingine mpya, yenye kumbukumbu ya hatua mia nne isiyosahau ikizimwa. Katika hiyo wifi aliingiza mwendo wa jua lenyewe, kwa hesabu aliyoipata kitabuni na kuihangaikia miezi mitatu, ili nahodha aipe tarehe na saa tu, asifungue almanaka.

Habari zilienea. Maofisa wa meli walianza kufika stooni na vikokotoo vyao, wengine hawajui hata pa kuwashia. Mkuu wa stoo alinung'unika kwamba kaunta yake imegeuka darasa, kisha akampa meza ya pembeni na alasiri za Jumanne. Si wote walioridhika. Mmoja alisikiliza somo zima, akasema hawezi kufundishwa bahari na mtu anayetapika sitahani, akaondoka. Wifi alisema ana haki, akaendelea na waliobaki. Kila mmoja alimlazimisha ampate mtu asiyejua kitu amsomee hatua, na aliyekosa mtu aliletwa kwangu. Nimekuwa mashine ya manahodha kumi na mmoja, huku nikipiga pindo.

Halafu yakaja masanduku ya setilaiti, yanayokuambia ulipo bila kuliuliza jua. Jumanne zikapungua watu, zikaisha. Nilidhani wifi atasononeka. Alisononeka kweli, siku kama mbili hivi, hasa fundi aliyekuja kufunga sanduku bandarini alipoulizwa linajuaje akajibu, "Linajua tu." Jibu hilo lilimkera kuliko kukosa wanafunzi.

Sasa amestaafu. Kila asubuhi huenda gatini na daftari, akapima maji yamefika ngazi ya ngapi, kwa sababu jedwali la kupwa na kujaa linasema jambo moja na ngazi zinasema jingine, na tofauti haizidi dakika kumi na mbili. Mlinzi wa gati anasema ni ule ukuta mpya uliojengwa mlangoni mwa bandari. Wifi hakubali wala hakatai. Ana vipimo vya miezi mitatu, anataka vya mwaka. Mlinzi huyo ndiye humshikia ubao wa kupimia maji, lakini Jumamosi hii ana dharura ya kifamilia, na mimi nimeombwa niende nikamshikie ubao.